Swali la Arobaini na Saba

Shinikizo la damu: mia sabini na mbili kwa mia na nne.
Nimeandika. Uzito, nimeandika.
Watoto sita, wanne hai. Bati kuukuu, maji ya ziwani.
Yote Kwandu aliyajibu
huku akigeuza dagaa mchangani kwa ufagio wa chelewa.
Nikafika la arobaini na saba:
Kwa mwezi, mama, unaingiza shilingi ngapi?

Ufagio ukasimama.
“Mwezi upi? Huo wa karatasi yako
au huo wa juu unaotutia njaa?
Mwezi ukiwaka dagaa hawaitaki karabai.
Giza likirudi, nakula.
Mvua ikinikuta nimeanika,
kabla ya adhuhuri nadaiwa na watu watatu.”
Akatupa jicho kwa jirani, mwenye mitumbwi minne ya injini:
“Na yule, alikujibu?”

Hakunijibu. Alicheka, akanipa soda.

Wote wawili nikawaandikia tisini na tisa.
Ndiyo namba yetu ya kimya.

Ofisini Capripoint, Mugeta akapekua majedwali:
“Wasiojibu wafute, tusonge mbele.”
Nikaiona nusu ya Igombe ikitumbukia majini.
“Basi wape wastani.”
Wastani wa injini na ndoo!
Kwandu alale fukara, aamke tajiri,
na chungu kile kile jikoni.
Kumbe mashine nayo, hakuna aliyeionya,
ilishaisoma tisini na tisa kuwa shilingi:
pato la mwezi, lisilotosha kiberiti.

Tulibishana hadi chai ikaganda utando.
Mwishowe tukarudi kwa yale aliyoyasema,
bati, maji, watoto, milo ya jana,
mashine ikamkisia mara ishirini.
Kwandu ishirini wakajipanga ufukoni,
huyu ana laki mbili, huyu ana deni,
hakuna hata mmoja aliye yeye;
ila upana wa mstari wao
ndio upana wa tusichokijua,
na safari hii hatukuuficha.

Juzi nilipita tena Igombe. Mbalamwezi.
Mchanga mtupu.
Bintiye akasema mama yuko Bugando, presha,
upande mmoja hauamki,
na kuna pesa wametakiwa.
“Kiasi gani?” nikauliza, mazoea tu.
Akaitaja pale pale,
bila kusita,
mpaka mia ya mwisho.