Fomu ya Idunyilo

Mahali. Nenda mpaka barabara ichoke.
Pale malori ya mbao yanapogeuzia, shuka,
fuata moshi wa misindano hadi mtoni,
mto ambao kwenye ramani yao hauna jina,
ni ufito wa buluu tu, mwembamba,
kama unywele ulioangukia karatasi.
Ukisikia rimu ya lori ikigongwa kwa nyundo
umefika shuleni. Ukisikia kimya, umefika pia.

Mwinuko. Kishikwambi kilisema mita elfu mbili na mia tatu,
kikazima kwa baridi.
Mwezi wa saba maji huganda kwenye beseni,
viazi huungua bila moto,
na mahindi hukaa shambani miezi tisa
kama mtoto.

Eneo. Hapo niliacha wazi.
Mwenyekiti Tweve anasema mpaka ni jiwe lenye chunjua.
Wenzetu wa ng'ambo wanakubali, ni jiwe hilo hilo,
ila wanaapa kwamba huwa linatembea usiku,
na siku zote linaelekea kwao.

Historia. Mistari miwili, fomu imesema, usizidishe.
Basi: walipanda na mbuzi, wakifukuza au wakifukuzwa
(inategemea unamuuliza wa ukoo gani),
wakayeyusha chuma kwenye udongo mwekundu;
hadi leo jembe la dukani likizama sana
hugonga mavi ya chuma, likalia
kama limekutana na babu yake.
Mjerumani akapita, akaandika jina letu alivyolisikia,
na siku hiyo, nadhani, alikuwa na mafua.
Mwingereza akalinakili. Sisi tukalizoea.
Sabini na nne tukateremshwa toka kilimani,
watu wamebeba milango yao kichwani,
maana nyumba utaiacha, lakini mlango?
Halafu mwaka ule wa mikoa mipya
tulilala Iringa tukaamkia Njombe
na hakuna hata mbwa aliyebweka.

Nimezidisha. Nifute nini?

Idadi ya watu. "Kamwene, bibi." "Kamwene."
Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo ni wangapi?
Bibi Seng'ande akaanza kukunja vidole:
Tulizo yuko Makambako, anauza parachichi za watu;
Ezaria yuko Tunduma, mpakani,
akipiga simu huongea haraka kama anayedaiwa;
Velonika, na mumewe, na yule wa mwisho
wako pale nyuma ya mianzi,
tangu miaka ile tulipokuwa tunazika hata siku ya soko.
Nikasema, bibi, nataka waliolala.
"Hao nao wamelala," akasema. "Tena hapa hapa."

Nikaandika: bibi mmoja, wajukuu watatu.
Kuku fomu haiwataki.
Akaniangalia. "Na wewe? Ulilala juu ya mti?"
Kweli, usiku ule ukungu ulinifungia njia,
nililala kwake, miguu imeelekea jikoni,
blanketi lina harufu ya kondoo na ya utotoni.
Nikajiandika.

Kaya mia moja thelathini na nane nilizimaliza hivyo.
Milango mingine ina kufuli, nyasi zimefika kitasani.
Mingine hufunguliwa na mtoto wa miaka kumi na miwili
anayejibu kama mkuu wa kaya
kwa kuwa ndiye.
Jumla: mia tano tisini na tatu.
Krismasi, wakirudi na magodoro na spika zao,
tunakaribia elfu, na ulanzi hautoshi.

Wiki iliyofuata msimamizi, Bwana Mgaya, akapiga simu wilayani:
jina lako limetokea mara mbili, tufute wapi?
Kumbe kule Mafinga mume wangu naye alinihesabu,
alimwambia karani, mke yupo, ametoka kidogo tu.
Nikatazama mianzi. Kitovu changu kiko chini ya mmoja wao,
sijui upi, mama hakuwahi kunionyesha.
Nikamjibu Mgaya kwamba mtandao unakatika.
Nikaukata.

Taifa limezidi mtu mmoja.
Acheni tu lizidi.