Ukoko

Asubuhi linawaka kwa kikohozi,
linatetemeka kama mtu aliyeamshwa kwa habari ya msiba,
halafu, likishapata moto, linajitia uzima.

"Fundi Tsuma," asema Bi Mwanasiti,
"gari hili sijalikimbiza hata siku moja.
Nyumbani Muyeye, kliniki, sokoni, nyumbani.
Oili nabadilisha kabla ya siku zake.
Kosa langu liko wapi?"

Liko hapo hapo, Bi Mwanasiti,
katika huko kwenda taratibu, karibu karibu.
Na kubwa zaidi si lako, ni la waliolichora.

Nikafungua. Nati kumi, mipira miwili.
Nikamwita achungulie kwa tochi ya simu:
valvu za kuvutia hewa,
zilizotoka kiwandani ziking'aa kama vijiko vya harusi,
zimevaa ukoko.

Si masizi ya kupangusa. Ukoko,
ule wa sufuria iliyosahauliwa mekoni
mwenye nyumba alipokwenda kuitikia hodi.
Niliugonga kwa bisibisi, ukalia kama kigae.

Zamani (namweleza, naye kaziba pua kwa mtandio)
petroli ilipita mlangoni.
Iliingia pamoja na hewa,
na kila ilipoingia iliosha kizingiti.
Hakuna aliyeituma kuosha. Ilikuwa njia yake tu.
Wakaja wenye hesabu kali, wakasema:
ya nini kuzunguka? Tuipige moja kwa moja chumbani,
tone lisipotee.
Na kweli halipotei.
Ila mlangoni sasa hapaoshwi.
Unapita mvuke wa oili, na moshi uliorudishwa,
joto linaukausha pale pale, tabaka juu ya tabaka,
hadi injini inavuta pumzi kwa tundu moja la pua.

Alinyamaza. Akauliza bei.

Kuna dawa za kopo. Nimezijaribu:
ni kumsukutulisha maji mtu mwenye ukoga wa miaka kumi.
Huko mbali hupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa.
Malindi jozi nitazitoa wapi? Nina vifuu.
Kadzo hukuna nazi, mimi nakusanya,
natwanga, nachekecha kwa chekeche lake la unga
(tumegombana kwa hilo),
halafu kompresa, na valvu iwe imefunga barabara,
maana chembe ikidondokea ndani umeua injini.
Kifuu kinakula ukoko, chuma hakikikwaruzi.

Tundu la nne lilikuwa kaidi.
Alasiri chuma kikaanza kuchomoza, kijivu, kama jino la mtoto.

Simu ikatetema mfukoni:
umepokea shilingi elfu tatu kutoka kwa Mwambire.
Ndugu yangu. Kila tarehe tano, hakosi.
Zamani alizileta kwa mkono wake kutoka Voi,
zimekunjwa ndani ya leso,
akaketi, akasema chai yetu haina sukari,
akabishana na mama, akalala mkekani,
na kesho yake akaitia mafuta bawaba ya mlango
bila kuambiwa.
Siku hizi zinaingia moja kwa moja.
Nauli haipotei njiani.
Mwaka wa sita huu. Mwanangu hamjui kwa sura.

Sikujibu. Mikono ilikuwa myeusi.

Saa kumi na moja gari liliwaka mara moja, likatulia,
sauti ya cherehani.
Nikampa Bi Mwanasiti ukoko wake kwenye kifuniko cha kopo,
kama daktari anavyomwonyesha mtu jiwe la figo.
"Utarudi?"
Utarudi. Ndivyo lilivyoundwa.
Mara moja moja lipeleke mbali,
vuka daraja la Sabaki, lipate moto sawasawa.
Hutauzuia. Utauchelewesha.

Akaondoka, taratibu vile vile.

Nilinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni.
Ukucha wa gumba haukutakata.
Nyumbani nikausukuma mlango, bawaba ikalia,
nikausukuma tena ili niisikie.
Kadzo akaita kutoka ndani:
"Nani huyo? Mbona haingii?"