Hesabu ya Kuchi

Mayai kumi na moja nilimwekea koo,
yote nimeyatia alama ya mkaa
nisije nikakaanga yaliyokwisha kuatamiwa.
Saba yaliangua. Mawili viza.
Moja alilikanyaga mama mwenyewe,
na moja, wallahi, mpaka leo sijui lilikwenda wapi.

Saba, nikasema, alhamdulillahi.
Kunguru wa Mtopanga hawana alhamdulillahi.
Wa kwanza walimtwaa nami nikiona,
nimeshika kibakuli cha chicha, kinywa wazi.
Wa pili walimgombania juu ya bati la jirani.
Ndipo nikatandaza uani chandarua cha kliniki,
kile kilichomkinga mamake Mwanasha na mbu;
kimetoboka, lakini kunguru si mbu.

Kideri kilipoingia mtaani
kikibisha mlango hadi mlango kama mdai,
wangu walikuwa wamekwisha kutiwa chanjo,
tone moja, jicho moja,
na Bi Riziki akinishikia mabawa.
Watano hawa, nikawaambia, mna deni langu.

Mwakio, ng'ambo ya ukuta, afuga broila.
Siku thelathini na tano, gunia la chakula,
taa usiku kucha, kisha pikipiki yaja kuwabeba
weupe, wazito, hawajawahi kukanyaga mchanga.
Huniegemea ukutani akaniuliza:
"Mama, wewe wafuga au wangojea?"
Nangojea, mwanangu.
Mwezi wa nne ni miguu na shingo tu,
kama mtoto wa shule aliyeizidi suruali.
Mwezi wa sita kifua kinaanza kujaa.
Wa nane, ukimshika, mkono wajua.

Nilimkataza Mwanasha:
kinachongojewa na chungu hakipewi jina.
Akamwita Karani,
kwa vile alivyotembea, mikono nyuma,
akikagua ua kama bandari yote yake.
Nami, Mungu anisamehe, siku ya tatu
nikajisikia naita, "Karani, njoo, mtama huu."

Lakini majimbi wawili ua mmoja,
damu kwenye undu kila alfajiri.
Mmoja abaki kwa mbegu.
Nikawainua, nikawapima, nikawatazama kifua,
macho, mgongo, nikafika miguuni:
Karani kidole chake cha kati kimepinda.
Shangazi aliyeniachia kizazi hiki
hakuacha shamba wala dhahabu, aliacha neno:
kilichopinda kile, kilichonyooka kizae.
Mwanasha akanitazama mguu, akaninyooshea:
"Hata chako kimepinda, nyanya."
Sikuwa na jawabu.
Nikavuta leso, nikaufunika.

Mbwarali alikuja Ijumaa asubuhi,
kisu akikinoa ukingoni mwa kisima,
huku Karani akimtazama.
"Huna adabu wewe! Nenda ukanoe nyuma ya nyumba!"
Akaenda. Nikamnywesha Karani maji kwa kiganja changu,
nikamwelekeza kibla.
Bismillahi ilikuwa ya Mbwarali, uzito ulikuwa wangu.
Maji ya moto, manyoya, ile harufu,
na chini ya ngozi mafuta ya manjano
kama siagi ya zamani.

Kuku wa Mwakio huiva kabla hujamaliza kukuna nazi.
Huyu alikaa jikoni adhuhuri mpaka alasiri,
nimemfunga na majani ya mpapai,
tangawizi, thomu, ndimu,
na tui la pili, la kwanza likisubiri zamu yake.
Mchuzi ukajaa ua mzima.
Mwakio akachungulia, hakuuliza kitu.
Nilimpelekea bakuli. Lilirudi limepanguswa,
na ndani yake noti ya mia mbili
na sauti ya ukutani: "Mayai, mama. Matatu tu."

Mwanasha hakula.
Aligeukia ukuta na wali wake mkavu.
Nikamwachia paja, nimelifunika kawa,
nikaenda kusali isha.

Nilirudi nikamkuta amelala mkekani,
mashavu yana chumvi, kidevu kinang'aa mafuta,
mfupa ameukamata kwa vidole vyote vitano.
Nilijaribu kuutoa.
Akaukaza.
Nikazima taa.