Unyayo

Mimi hukata vioo. Dukani kwangu, El Alto,
ukileta vipimo nakupa dirisha
lisilopitisha hata mluzi wa upepo.
Ndiyo maana siku ya kwanza, kule bondeni La Paz,
waliponionyesha kisanduku alimolazwa binti yangu,
nilikigonga kwa ukucha, kwa mazoea.
Si kioo. Plastiki.
Nikaona haya, kama mtu aliyetoa kasoro za wali msibani.

Wiki ishirini na nane. Gramu elfu moja na arobaini.
Paketi ya puti ninayobandikia vioo ni nzito kuliko yeye.

Eulogia alikuwa ghorofa ya tatu, presha imempanda,
uso umevimba, ana swali moja tu:
"Ana nywele?"
Nikapanda ngazi kumjibu: anazo.
Nikashuka kuhakikisha.

Njiti, ndivyo wanavyoitwa watoto wa namna hii.
Sikulipenda jina hilo
hadi usiku ule aliposahau kupumua.
Mashine ikalia. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama.
Nesi Jhanet hakukimbia.
Alipenyeza mkono kwenye tundu,
akamkwaruza unyayo kwa kidole, mara moja,
kama mtu awashaye kiberiti kwenye upepo,
na mtoto akawaka,
mwekundu kuanzia masikioni.
"Husahau," akasema, huku akiandika saa. "Tunawakumbusha."

Wiki ya tatu wakaniambia: vua shati.
Nilikuwa nimeoga mara mbili, bado nanuka puti.
Wakamlaza kifuani pangu na waya zake zote,
wakatufunga kwa nguo ya milia aliyoifuma mama mkwe.
Mikono hii ina makovu kumi na moja ya vioo.
Nilikaa saa nne bila kukohoa.
Mguu ukafa ganzi; nikauacha ufe.

Eulogia akakamua maziwa: mililita tatu.
Tukayatazama kwenye bomba la sindano
kama watu waliookota pete.

Kisanduku cha pili kilikuwa cha mtoto wa Teófilo.
Asubuhi moja tulikikuta kimefutwa, kinang'aa,
waya umekunjwa vizuri.
Hatukuuliza.
Teófilo alisahau kofia yake kwenye kiti.
Ninayo hapa nyumbani. Sijui nimpelekee vipi.

Siku ya sitini na moja daktari akatia sahihi.
"Huko kwenu juu," akasema, "hewa ni nyembamba,"
kana kwamba sisi ndio tuliyoichonga.
Akatupa mtungi wa oksijeni na karatasi tano.
Tukapanda gari la kamba, mtungi mapajani mwangu,
mtoto ndani ya shali ya Eulogia,
mji ukizama chini ya miguu yetu, paa baada ya paa.
Mwanamke mwenye gunia la viazi vikavu
aliutazama ule mpira mwembamba hadi puani,
akavuta gunia lake, akatupa nafasi ya watu watatu.
"Anaitwa nani?"
Tulikuwa tumeogopa kumpa jina.
Eulogia akasema, bila kuniuliza: Nina.
Kwa lugha ya bibi zake, moto.

Nilikuwa nimeziba kila ufa wa nyumba.
Sikuwa nimefikiria kimya.
Miezi miwili tumelala kwa mlio wa mashine;
sasa hakuna wa kutuambia kama bado yupo.
Saa tisa usiku nikaona kifua hakipandi,
au macho yangu ndiyo yaliyochoka.
Sikungoja. Nikapapasa blanketi,
nikaupata unyayo,
nikakwaruza.

Kumbe alikuwa amelala tu, kama mtu yeyote.
Lo! Alilia kwa hasira ya mwenye haki.
Mbwa wa mtaa mzima wakamjibu.
Taa ikawaka kwa Casimiro, fundi viatu,
kisha ngumi yake ukutani:
"Jamani! Mna nini humo?"

Nina, nikamwambia.
Nina.