Nyimbo za Kuazima

Kabla ya kila wimbo tunazima kiyoyozi,
maana maikrofoni ya Biju husikia kila kitu,
hata tumbo langu lisilotiwa kitu tangu alfajiri.
Chumba kipo Maabela, juu ya duka la matairi.
Wimbo dakika nne, joto la nje nyuzi arobaini na tatu,
na jasho linanishuka mgongoni
kama mtu anayehesabu pingili.

Miaka kumi na sita nimeimba maneno yangu.
Nikikosea, nilikosea kwangu,
nilivunja sahani zangu mwenyewe.
Sasa nimeingia majikoni mwa watu.

Nyimbo kumi, hata mmoja sikuutunga mimi.
Mmoja wa mpiga udi wa Sohar
aliyeacha udi akafungua duka la rangi.
Mmoja ulikuja na kaseti kutoka Bujumbura,
upande wa pili, umekatwa katikati na adhana.
(Nimeuimba hadi pale ulipokatwa, nikanyamaza.
Biju alidhani umeme umekwenda.)
Mmoja wa harusi, ambao kila nyumba ya Mawaleh
huapa kuwa ni wa bibi yao.

Shangazi Rayya alicheka kwenye simu:
"Nguo ya kuazima haisitiri maungo."
Nikamwambia, shangazi, nguo za harusi yangu
uliziazima wewe, kwa Zuwena wa Seeb,
na picha hadi leo ziko ukutani kwako.
Akakata.
Baadaye akaleta ujumbe wa sauti: "Lakini uimbe polepole."

Polepole ndiyo kazi yenyewe.
Ule wa mpiga udi ulikuwa wa kurusha mabega.
Nimeuvua ngoma, nimeuvua na makofi,
akabaki mtu mmoja jikoni usiku
anatafuta kibiriti.
Sijui kama mwenyewe ataujua akikutana nao njiani.

Biju katoka Thrissur, Kiswahili hakijui.
Husikiliza kafumba macho, kisha huinua kidole:
"Mstari wa tatu unausoma. Huuimbi."
Na kila mara ni ule ule niliokuwa namwiga mwenyewe,
ile kokoto kooni mwake, ile pumzi ya kuiba.

Wimbo wa tisa ni wa Bi Ghaniya.
Mimi niliujua kwa mama, akipiga pasi kanzu za baba,
mvuke ukimpanda usoni, akiimba
"nirudishie mvua".
Nikakua nikiamini kuna mtu mahali fulani
aliyeondoka na mvua ya mama yangu,
na Maskati yote hii, majabali na vumbi lake, ndiyo ushahidi.

Mwaka huu ndipo nilipoisikia santuri.
Barua. "Nirudishie barua."
Mizani ile ile, tatu kwa tatu.
Mama, mtoto wa Wete, alisikia alichokikosa.

Nikaenda Al Khoudh na karatasi ya ruhusa.
Bi Ghaniya akanimiminia kahawa, akanisogezea tende,
akataka niimbe pale pale, bila ala.
Nilipofika penye neno nikasita. Akaona.
"Mamako alisemaje?"
Nikamwambia.
Akakaa na kikombe mkononi,
hakukitikisa wala hakukirudisha.
"Barua zilirudi, mwanangu. Zote, na bahasha zake, mwaka ule ule.
Wewe imba mvua."
Akatia saini kwa kalamu ya mjukuu wake, ya kijani.

Leo nimeuimba mara saba.
Ile ya saba, mwishoni, ilibakiwa na sauti nyingine:
kiyoyozi cha jirani, matone yake juu ya bati.
Biju alitaka kuyafuta. Nikamshika mkono.
"Hilo neno unalolirudia," akauliza, "ni nini?"
Nikamwonyesha kwa vidole, kutoka juu kuja chini.
"Mazha," akasema, peke yake, kwa lugha ya kwao,
na ndivyo alivyouandika wimbo kwenye mashine,
kisha akawasha baridi.