Mwadila

Saa tatu asubuhi, kilimani Bugando,
namba yetu kumi na saba.
Daktari Kibona aliinuka kitini,
akainamisha kichwa: "Shikamoo, bibi."
Mama akajibu: "Mwadila."

"Anasemaje?"
"Anaitikia," nikasema. "Hajambo."

Mwadila ni salamu ya jua likishuka,
ya ng'ombe kurudi na vumbi lao.
Asubuhi tunasema mwangaluka,
hata mtoto wa miaka mitatu anajua.
Daktari kazaliwa Tukuyu, angejuaje?
Mimi ndiye niliyekuwa mlango kati yao,
nikajifunga polepole, bila kelele.

"Muulize, leo siku gani?"
Mama akataja siku ya mnada,
mnada uliohamishwa kabla sijaolewa.
"Jumanne," nikatafsiri.
"Nani kamleta?"
Maduhu, akasema, yuko nje anafunga baiskeli.
Maduhu ni baba. Tulimzika mwaka wa mafuriko.
"Anasema nimemleta mimi."

Kisha karatasi: achore uso wa saa.
Akachora duara, akalijaza vitone, vingi, vingi,
akanitazama kama aliyemaliza kupanda mtama.
"Hajasoma," nikasema haraka,
na hilo peke yake lilikuwa kweli.
Daktari akaikunja karatasi.
"Ni uzee tu. Na lugha."
Tukapewa vitamini, pakiti mbili.

Sikumdanganya daktari kwa ubaya.
Nilimsitiri mama
kama unavyomfunga mzazi kitenge upya
wageni wakibisha hodi.
Tukashuka taratibu kati ya majabali,
ziwa chini linameta kama bati jipya,
naye ananishika kiwiko, anacheka,
anauliza Maduhu kaiacha wapi baiskeli.
"Katangulia," nikasema.
Nilishazoea kutafsiri.

Jana, giza bado, nimemkuta uani Igoma
na ndoo tupu, mlango wa nje wazi,
anatafuta njia ya kisima
kilichobaki Magu, kilichokwisha kufukiwa.
"Mayu!" nikaita.
Akageuka. Akajifuta mikono kwenye kanga.
Akanipa tabasamu la heshima,
na kile Kiswahili chake cha kuokoteza,
cha wauza chumvi na makarani wa pamba,
ambacho maisha yangu yote
hajawahi kunisemesha nacho:

"Karibu, dada. Wewe natafuta nani?"