Mwenyeji Apoe

Somoe, jana umebisha tena kwenye simu
kwamba ile doti ya mwisho tuliikata Nachingwea.
Nachingwea ya wapi? Ilikuwa Lindi,
gesti ya nyuma ya stendi, chumba cha feni mbovu,
na wembe tulinunua kwa yule muuza duka mwenye makengeza
aliyeturudishia chenji kwa pipi.

Mtwara hatubishani:
robota la kanga tuliuziwa kwa bei ya kutupa,
tukajiona wajanja, mpaka tulipolifungua
sakafuni kwako Chikongola
tukasoma, doti baada ya doti,
MGENI NJOO MWENYEJI APOE.
Herufi moja imedondoka kiwandani,
hasara yote imetudondokea sisi.
Wewe ulicheka hadi ukakaa chini. Mimi nililia.
(Sasa unadai wewe ndiye uliyelia. Haya, chukua.)

Ulikuwa msimu wa korosho, pesa iko huko juu,
tukapanda kuifuata.
Kitangari, mama mmoja akayafuata maneno kwa kidole,
akainua macho: "Mmekosa herufi."
Ukamjibu bila kupepesa:
"Hatujakosa. Mwenyeji wa huku ana moto.
Mgeni akija, apoe."
Akanunua mbili. Akamwita na wifi yake.

Newala tulioga ndoo moja watu wawili,
maji ya kununua, ukinihesabia vikombe
kama mpima mafuta ya taa.
Asubuhi ukanivuta hadi Shimo la Mungu.
Bonde lote hadi Ruvuma limefunikwa ukungu.
Ukasimama ukingoni, nikangoja useme neno kubwa.
Ukaliita jina la mumeo wa kwanza,
mara tatu, kwa sauti yako yote,
kisha ukakung'uta mikono kama mtu aliyemwaga takataka.
"Twende, supu itaisha."

Masasi sikumbuki kitu ila mawe
na harufu ya mabibo iliyogoma kutoka kwenye nguo.

Halafu Ruangwa. Hapo huwa tunaruka, wewe na mimi,
kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya.
Elfu nane zilipungua.
Tulihesabu kwa kibatari mara nne.
Hukuniuliza, sikukuuliza,
na kule kutouliza kulikuwa na meno.
Usiku kucha juu ya magunia,
lori la Chilumba limevunja springi porini,
migongo yetu ikitazamana,
wewe umejifunika doti yako, mimi yangu,
wote tumeandikwa mwenyeji apoe
na hakuna aliyepoa.

Mnazi Mmoja, mtoto akapita na sinia la ming'oko.
Ukanunua fungu moja. Ukamenya,
ukachovya kwenye chumvi ya pilipili,
ukaninyooshea mkono huku unatazama barabara.
Basi. Ndivyo tulivyosuluhishwa,
na shahidi ni yule mtoto tu,
naye alikuwa anadai pesa yake.

Sasa sikiliza, maana ndilo nililokupigia jana
ukanikatisha na Nachingwea yako.
Lile begi la kijani nimelifumua wiki iliyopita
nimshonee mjukuu mfuko wa madaftari.
Kwenye pindo la bitana zilikuwamo:
noti nane, zimekunjwa ndogo kama hirizi,
laini kama kitambaa kilichofuliwa sana.
Begi lilikuwa langu, Somoe.
Miaka ishirini na sita.

Nusu yako ya ile kanga bado unayo?
Yangu nafunikia unga.
Wembe ule ulikuwa butu, mkato ukaenda upogo,
vidole viwili vya upande wako vikabaki kwangu.
Niliona. Nikanyamaza.
Hivyo navyo ni vyako.

Usinijibu kwenye simu.
Panda gari, uje ubishe hapa mlangoni.
Nachingwea, Lindi, popote utakapo, nitakubali,
au sitakubali, tutaona.
Njoo tu.
Mwenyeji ni mimi,
na sijapoa.